Siku Niliyoambiwa Nitoe Sauti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye neno moja, na neno lenyewe ni fupi kiasi kwamba hata leo naona aibu kulitaja: toa. Kwetu Kindu, kama kwa Waswahili wote, ukimwambia mtu atoe kitu, huenda unataka akilete mbele za watu na huenda unataka akiondoe kabisa, na kwa kawaida hakuna anayepotea kwa sababu tunatazamana usoni tunaposema. Mimi nilipotea. Nilipotea mbele ya mtaa mzima (mama yangu akiwa kwenye benchi la pili), na ninawaeleza leo kwa kuwa najua mmekwisha kusikia kipande, na kipande mlichosikia ni kile cha kuchekesha tu.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Watu huniita fundi, nami huitika, lakini moyoni najua hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza peke yangu kwa mashine zilizokufa ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa, nikizifungua na kuzifunga mpaka siku moja mojawapo ikawaka. Mtu aliyejifunza hivyo hana cheti cha kumtetea, kwa hiyo hutaka kila kitu kiwe sawasawa, na kisipokuwa sawasawa chakula hakipiti kooni. Ndiyo maana kwenye kila mashine niliyoishika nilikuwa na desturi ya kuweka faili moja dogo, nimeliita "kasoro", na humo niliandika kila kilichoharibika, amri niliyotumia kukitengeneza, na (hapa ndipo palipokuwa na sumu) mawazo yangu mwenyewe, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mashine iliyoniaibisha ilikuwa ya Papa Ramazani, mzee jirani yetu, ambaye kabla ya vita alikuwa karani wa gare, yaani stesheni ya treni, kazi yake kuandika mabehewa yanayoingia na yanayotoka. Vita vilipofika, treni zikakoma. Mji ukafungwa, watu hawakuweza kwenda shambani wala kuvuka mto bila kuhatarisha roho, wakaanza kufa, huyu kwa risasi, huyu kwa njaa, huyu kwa homa ambayo dawa yake ilibaki ng'ambo. Na Papa Ramazani, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kuandika kila asubuhi na behewa la kuandika halikuwepo, akaanza kuandika watu. Jina, umri, namna alivyoondoka. Aliandika kwenye daftari la shule, akalitia ndani ya mkebe wa maziwa na kuuzika chini ya kitanda. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa mgongoni. Sina ninachokumbuka, yote nimeambiwa. Vita vilipokwisha, macho yake yakaanza kufifia, hayakurudi tena.

Kila mwaka, jamaa za wale walioandikwa hukutana kwenye ukumbi wa mtaa, na majina husomwa yote. Mwaka mmoja kabla ya aibu yangu, msomaji alikuwa bwana mmoja mwenye macho mazuri na haraka nyingi. Daftari lilikuwa limepata unyevu, kurasa mbili zimegandana, naye akazigeuza kama moja. Katika majina yaliyomezwa pale lilikuwemo la Idi, mtoto wa Mama Mwayuma, aliyevuka mto kutafuta sombe ili nyumba ipate mboga na hakuonekana tena. Mama Mwayuma hana kaburi la mtoto wake. Ana ile siku moja ya mwaka ambayo jina lake hutajwa. Siku hiyo alikaa mpaka jina la mwisho, akangoja hata baada ya watu kuanza kukunja mikeka, halafu akasimama na kusema kwamba kurasa hazikugandana, bali mzee amemwondoa Idi kwa makusudi kwa sababu ya ugomvi wao wa mpaka wa kiwanja. "Amemuua mara ya pili," alisema, na maneno hayo yalitembea mtaa mzima mpaka na wengine wakaanza kuulizana ni akina nani zaidi walioondolewa.

Basi Papa Ramazani akaniita. Alikuwa amesikia kwamba kuna kompyuta zinazosema. Nilimtafutia mashine kuukuu, nikaiwekea mfumo ninaoutumia mwenyewe, ule ulioandikwa na watu wa nchi nyingi na kuachwa wazi, kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuona ndani, nikawasha humo programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo. Mpwa wake, kabla ya kumfuata mumewe mjini Punia, alizitenganisha kurasa kwa wembe na kumsomea daftari lote kwa mara ya mwisho, naye mzee akaliandika upya kwenye mashine, herufi kwa herufi, vidole vikitafuta, miezi mingi. Alisema mwaka huu hasomi mtu mwingine. Atasoma mwenyewe.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla, nilipokuwa nikiaga mlangoni kwake, akaniambia, "Fundi, kesho mbele ya watu, sauti uitoe."

Nikasema ndiyo, papa.

"Unasikia? Sauti uitoe."

Nikasema ndiyo tena. (Papa Ramazani alikuwa na tabia ya kuuliza jambo moja mara nne, na mimi nilikuwa na tabia ya kujibu ndiyo kabla hajamaliza.)

Yeye alimaanisha sauti ya mashine itoke, isikike ukumbini kwenye spika kubwa, ile tunayoiita bafle, ili kila mtu asikie mashine ikitaja jina kabla yeye hajalirudia, na hakuna wa kusema tena kwamba mzee anachagua. Mimi nilielewa kwamba niiondoe, ibaki sikioni mwake tu. Najua kwa nini nilielewa hivyo. Ile sauti nilikuwa naionea haya. Inasema Kiswahili kama mtu aliyejifunza herufi kwa herufi, majina yetu inayakata mahali pasipokatwa, na nilishajiona mbele ya ukumbi watu wakicheka kazi ya mikono yangu. Nilisikia nilichotaka kusikia. Nikaenda nyumbani na mashine, nikazima spika zake, nikaacha njia moja tu iende kwenye ekuteri, vile visikizi vidogo vya masikioni, nikalala nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumamosi asubuhi tulifika mapema. Mwenye bafle alikuwa amekwisha kupanga vyombo vyake, jenereta inanguruma nje, akanijia na waya mkononi.

"Fundi, waya ya masini njo hii. Mzee alinituma."

Nikamwambia haihitajiki, mzee atasikia kwa ekuteri na kusema kwa maikrofoni. Akanitazama kidogo, akauacha waya juu ya meza. Hapo Mungu alikuwa ananipa nafasi, sikuiona.

Badala yake nilifanya uamuzi mmoja mdogo ambao hakuna aliyeniomba. Nilikuwa nimeazima projekta. Niliona itapendeza majina yakitokea ukutani kwa herufi kubwa safi wakati mzee anayataja, nami nilikuwa nimepanga hata nafasi kati ya mistari, mara mbili. Watu wakaingia, wakajaa, Waislamu na Wakristo, akina mama na vitambaa vyao vya kichwani, Mama Mwayuma mbele kabisa, mikono imekunjwa. Dua ikaombwa, sala ikasaliwa, Papa Ramazani akaongozwa mpaka kwenye kiti. Nikamvisha ekuteri. Kisha, ukumbi ukiwa umenyamaza, nikachomeka projekta.

Wanaojua mfumo huu watacheka hapa. Mashine ikiona kifaa kipya kwenye ule mlango wa picha, wakati mwingine hudhani huko ndiko kuliko na mdomo, na inahamishia sauti huko. Projekta ile haikuwa na spika. Majina yakatokea ukutani, mazuri, nafasi zimepimwa, na sikioni mwa Papa Ramazani hakikuingia kitu.

Akabonyeza kitufe cha mshale wa chini. Akangoja. Akabonyeza tena. Nilimwona akiinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza nyayo uani. Akasema taratibu, maikrofoni ikiwa wazi, "Fundi, haisemi."

Mama Mwayuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Njo vile. Mwaka jana kurasa, mwaka huu masini."

Mtu mwenye akili angechomoa projekta tu, yangekwisha. Lakini mimi sikukumbuka kwamba nimechomeka kitu. Nilikumbuka kwamba jana nilizima kitu, nikadhani nimezima vibaya, nikaanza kutafuta kosa la jana ilhali la leo lilikuwa linaning'inia mbele yangu. Ili nikumbuke amri nilizotumia, nikafungua lile faili langu la kasoro. Likatokea kwenye kioo na likatokea ukutani pia, ingawa mimi ukuta ulikuwa mgongoni kwangu. Nikapata amri, nikafungua spika zote nilizozifunga, nikapandisha kila kilichopandishika mpaka mwisho. Kimya. Nikamzima msomaji, ile programu ya kusoma kioo, nikamwasha upya. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha kusoma yote, mara moja, mara tatu, mara sijui ngapi. Kimya. Hapo nikauona waya wa mwenye bafle juu ya meza, nikajiambia labda ekuteri ndizo zilizokufa, wacha nijaribu na huu, nikazichomoa ekuteri na kuuingiza waya ule mahali pake.

Mashine ilipoona kitu kimeingia pale, ikarudisha sauti yote huko.

Ikasema, kwa bafle mbili, kwa nguvu zote nilizoipa: "Kasoro za masini ya Papa Ramazani. Moja. Kioo kimepasuka kwa pembe ya kuume. Haina shida, haoni."

Watu wakacheka. Walidhani ni mchezo wa kufungulia. Mimi nikarukia vitufe ili niinyamazishe, na msomaji huyu ana adabu ya kutaja kila kitufe unachokigusa, basi ikawa "kontroli, nafasi, nafasi, kitufe hakijulikani", watu wakacheka zaidi, halafu ikarudi palepale ilipokuwa imeachia.

"Mbili. Vitufe viwili herufi zimefutika. Haina shida, haoni. Tatu. Betri inakaa nusu saa. Umwambie saa moja."

Kicheko kikafa. Hakikufa mara moja, kilikatika kutoka mbele kwenda nyuma, safu kwa safu, kama habari mbaya inavyotembea. Nikanyoosha mkono niuvute waya, na mkono wa Papa Ramazani ukanishika kifundo, sijui alijuaje ulipo.

"Ni wewe uliandika?"

"Njo miye, papa."

"Iko ingine?"

Ningeweza kusema haiko. Nilifikiria kusema haiko. "Iko."

"Basi uache. Kitu kikiandikwa kinasomwa mupaka mwisho."

Akaendelea kunishika, na mashine ikaendelea. Ilisema kwamba papa anauliza jambo moja mara nne, ujibu ndiyo tu asonge mbele. Ilisema kwamba sauti ni mbaya, inataja majina yetu kama mgeni, watu watacheka, afadhali iondolewe. Kila neno lilitoka kwa namna ileile isiyopanda wala kushuka, haikunihurumia wala haikunichukia. Nilitazama sakafu. Nilihesabu nyufa za sementi. Na mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa kwamba niliuandika, ukasema: "Miye sijue kazi hii. Naigiza tu. Siku watajua, nitaenda wapi."

Kisha mashine ikasema, "Mwisho wa faili," ikanyamaza.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Kutoka benchi la pili nilisikia mama yangu akivuta pumzi, na sikuthubutu kugeuka.

Aliyesimama ni Mama Mwayuma. Nilijua ataimaliza kazi, atasema mmeona, mzee na fundi wake wote waongo, na angekuwa na haki. Alitazama ukuta ambako maandishi yangu bado yalikuwa yamebandikwa makubwa, akatazama bafle, akasema na watu, si nami.

"Ile masini haina haya. Imesema ya mutoto mwenye kuitengeneza, na mama yake iko pale anasikia. Kama haikumuficha huyu, haitamuficha Idi." Halafu akakaa. "Isome."

Papa Ramazani akaniachia mkono. Akaomba nimfungulie majina. Nilitaka kumrudishia ekuteri, akakataa kwa kichwa, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaelewa neno alilonipa Ijumaa.

Walisomwa wote. Mashine ilitaja jina, vibaya, ikikata pasipokatwa, na Papa Ramazani akalirudia vizuri, kama linavyoitwa nyumbani, na jamaa wakaitika. Niliogopa miaka yote kwamba sauti ile itachekesha. Siku ile ilikuwa kama mgeni anayeuliza jina na mwenyeji anamrekebisha kwa upole, moja baada ya moja. Mashine ilikuwa inakula umeme wa jenereta, Mungu mkubwa, kwa sababu ile nusu saa ya betri ilipita na tulikuwa hatujafika hata katikati.

Ilipofika kwenye kurasa zilizogandana, nilijua kwa sababu mzee alivuta kiti. Mashine ikasema: "Idi Sadiki, miaka kumi na sita, alivuka kutafuta sombe, hakurudi." Papa Ramazani akarudia. Mama Mwayuma hakulia. Akasema, "Irudilie." Mzee akabonyeza mshale wa juu, kisha wa chini, ikasoma tena, naye akarudia tena. "Irudilie, tafazali." Ikasoma mara ya tatu. Hakuna aliyeharakisha. Mara ya tatu Mama Mwayuma alilitaja jina pamoja na mzee, sauti zao zikakutana, kisha akapunga mkono kwamba waendelee.

Watu walipotoka, nilibaki nikikunja waya. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kuomba radhi, nimeipanga kichwani mara mbili kama ile nafasi ya mistari. Papa Ramazani hakunipa nafasi ya kuianza.

"Nilikuambia utoe sauti."

"Nilitoa, papa."

"Hapana. Weye uliondosha."

Nikasema nisamehe. Akaniuliza betri inakaa muda gani kwa kweli. Nikamwambia nusu saa. Akauliza tena, nikamwambia nusu saa. Aliuliza mara nne, na mara zote nne nilijibu jibu kamili, naye mara ya nne akatabasamu, nikajua kwamba ile tabia haikuwa ya usahaulifu. Karani wa gare huuliza mara nne kwa sababu dereva wa treni hudanganya mara ya kwanza.

Nyumbani mama alinipakulia ugali. Nilikula nusu. Ndipo akauliza, "Tangu wakati gani uko unaogopa vile?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akasema na yeye, alipokuwa akinibeba mgongoni wakati wa vita, kila alipoulizwa njia alijibu kana kwamba anaijua. Akaondoa sahani.

Haya ndiyo yaliyobadilika tangu siku ile. Siandiki tena mawazo yangu ndani ya mashine ya mtu mwingine. Nikitengeneza mashine ya mtu asiyeona, naifunika kioo kwa kipande cha kitenge na kuijaribu kwa masikio tu, saa nzima, mpaka niweze kuitumia bila kuchungulia, na kabla ya kuchomeka kitu kipya natafuta kwanza sauti itakimbilia wapi. Mtu akiniambia toa, namuuliza: itoke au isiwepo? Watu wa mtaa wamelijua swali hilo, watoto hunipigia kelele nalo njiani, nami huwaitikia. Na kile kioo kilichopasuka, niliagiza kingine kutoka Kisangani, kikaja kwa pikipiki kupitia Lubutu kimefungwa ndani ya blanketi, nikakibadilisha mwenyewe. Hakuna anayekitazama.